Caravan au King Air kwenda Lamu? Kabla ya kuchagua ndege, mjue rubani wake

Mezani kwangu pana karatasi mbili za bei, zote za safari moja: wakurugenzi sita kutoka Wilson, Nairobi, hadi uwanja wa Manda Jumanne asubuhi, kurudi Jumatano alasiri. Ya kwanza ni ya Cessna Caravan, ndege ya injini moja tunayoiona hapa Lamu kila siku ya Mungu. Ya pili ni ya King Air B200: injini mbili, viti vya ngozi, kasi kubwa. Bei zimepishana, ila si kiasi cha kumrudisha nyuma mtu mwenye haraka. Bosi ameniuliza swali moja tu: "Ipi salama zaidi?"

Kazi hii ya kupanga safari za kampuni nimeifanya miaka kumi na moja sasa. Miaka ile ya mwanzo ningemjibu hapohapo kwamba ni ile ya injini mbili. Siku hizi simjibu mtu mpaka nijue rubani atakayekuja ameirusha ndege hiyo mara ngapi. Na simaanishi ndege ya aina hiyo. Namaanisha ileile, yenye herufi zile ubavuni na dashibodi ile.

Naandika kwa wenzangu wa Lamu, Malindi na Watamu wanaofanya kazi kama yangu: makatibu, wahasibu, mameneja wa hoteli. Hakuna aliyetusomesha urubani, lakini sisi ndio tunaotia saini.

Kosa ninaloliogopa

Watu wakizungumzia usalama wa ndege ndogo huzungumzia injini kuzima. Mimi naogopa zaidi kosa la kimo. Rubani anaambiwa na waongoza ndege apande hadi futi 12,000, anajikuta 12,500. Au anatakiwa asishuke chini ya futi 4,000, anapita. Ndege haina ubovu wowote, injini zinavuma vizuri, abiria wanakunywa maji yao, na wote wako mahali pasipokuwa pao.

Futi 500 zinaweza kuonekana si kitu. Lakini ndege mbili zinazopishana angani chini ya uongozi wa mnara hutenganishwa kwa futi 1,000 tu. Huko juu, kuanzia futi 29,000, nafasi hiyo zamani ilikuwa futi 2,000; anga ya Afrika ikaipunguza hadi 1,000 mwaka 2008, kwa sababu vyombo vya kupimia kimo vimekuwa sahihi zaidi. Kwa hiyo aliyepita futi 500 amekula nusu ya ukuta uliokuwa baina yake na mwenziwe.

Tangu 1976 shirika la NASA la Marekani linaendesha mpango wa kupokea ripoti za siri za marubani wanaoeleza makosa yao wenyewe, na kupotoka kimo ni miongoni mwa makosa yanayoletwa tena na tena. Marubani wa ndege za kampuni na za kukodi wana mtego wao hapo. Rubani wa shirika kubwa hukaa miaka kwenye aina moja ya ndege, na ndege zote za aina hiyo zimepangwa dashibodi sawa. Huyu wetu leo yuko kwenye Caravan, kesho King Air, keshokutwa ndege aliyonunua rafiki wa mwenye kampuni huko Afrika Kusini, yenye swichi zisizofanana na za jana. Leseni yake inamruhusu. Mkono wake bado haujajua.

Kasi ya kupanda: hapa Caravan inasamehe

Caravan iliyobeba abiria na mizigo ikitoka Manda hupanda kama futi 800 kwa dakika. King Air B200 inaweza kupita futi 2,000 kwa dakika bila kujikaza. Piga hesabu ya futi 1,000 za mwisho kabla ya kimo alichopewa rubani. Kwenye Caravan anazo zaidi ya sekunde 70. Anaweza kujibu redio, kuandika masafa mapya, kuinua macho, na bado ana nafasi ya kurekebisha. Kwenye King Air anazo sekunde 25 hadi 30. Redio ikiita katikati ya sekunde hizo, na yeye bado anatafuta swichi iliko, kimo kimeshapita.

Ndiyo maana marubani hushauriwa wapunguze kasi ya kupanda hadi futi 1,500 kwa dakika au chini ya hapo katika futi 1,000 za mwisho. Aliyeizoea King Air hufanya hivyo bila kukumbushwa. Aliyetoka juzi kwenye Caravan ana saa ya Caravan kichwani mwake.

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na mlango wa Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, aliupita usiku na mchana. Siku moja akakabidhiwa boti ya injini ya watu wa nje, yenye tumbo lililozama zaidi kuliko jahazi lake. Maji yalikuwa yamekupwa. Akapita palepale alipopita miaka yote, akakwama mpaka maji yakajaa. Nilimuuliza ilikuwaje, naye ndiye mwalimu wa Mkanda. Akasema, "Mwanangu, Mkanda niliujua. Boti sikuijua." Waamu wanasema kila chombo kwa wimbi lake.

Altimeta: hewa ya pwani inafundisha uvivu

Altimeta, chombo kinachomwonyesha rubani kimo, haipimi kimo moja kwa moja. Inapima shinikizo la hewa, kisha inalitafsiri kuwa futi. Kwa hiyo rubani lazima aiwekee shinikizo la mahali alipo, analopewa na mnara kwa hektopaskali. Akikosea hektopaskali moja, altimeta inamdanganya kwa futi 27 hadi 30.

Sasa, huku kwetu karibu na ikweta shinikizo la usawa wa bahari haliendi mbali na kipimo cha kawaida cha dunia, yaani 1013. Rubani akisahau kubadilisha akishuka Malindi au Manda, mara nyingi kosa ni la futi 60 au 90, na hata yeye halioni. Rubani huyohuyo akipeleka ndege ya kampuni Ulaya wakati wa baridi, akakuta 980, kusahau kulekule kunamweka chini kwa zaidi ya futi 900 huku kioo kikimwambia yuko sawa. Ukiwa unakodi ndege ya kuvuka mipaka, usimpime rubani kwa ubingwa wake wa Manda.

Kuna na jambo la vipimo. Altimeta nyingi zilizotengenezwa Marekani husoma inchi za zebaki. Nyingine zina madirisha mawili, inchi na hektopaskali, nyingine zina moja tu, na rubani hutazama jedwali. Inchi moja nzima ikikosewa, 28.92 badala ya 29.92, ni futi 1,000. Katika ndege aliyoizoea anajua dirisha liko wapi na linasoma nini. Katika ndege ngeni anauliza macho yake kila mara.

Hata sura ya altimeta ni jambo. Zile za zamani za mishale mitatu ziliwahi kuwafanya marubani hodari wakosee futi 10,000 nzima. Tarehe 24 Desemba 1958 ndege aina ya Britannia iliyokuwa kwenye majaribio ilishuka katika ukungu hadi ikagonga ardhi kusini mwa Uingereza, kwa sababu altimeta ilisomwa vibaya kwa futi 10,000. Kati ya watu 12 walikufa 9. Skrini za leo zinaonyesha kimo kwa tarakimu, na kosa lile limepungua sana. Lakini skrini zimekuja na kosa lao.

Otopailoti: kitufe kimoja

Hili limenikuta mwenyewe. Tulitoka Malindi kwenda Wilson kwa King Air ya kukodi, nami nikakaa kiti cha mbele kabisa, pazia la marubani liko wazi. Tukipanda nikasikia mlio mfupi. Kapteni akatazama kushoto, kulia, kisha akakata otopailoti, mtambo unaoirusha ndege badala ya rubani, na kuisukuma pua ya ndege chini kwa mkono. Tumbo likanipanda. Msaidizi wake akasema, "Tumepita kimo kwa futi mia nne." Mara redio ikawauliza wako kimo gani.

Tulipotua, kapteni alikuja kwangu yeye mwenyewe, kabla sijauliza. Akaniambia: "Dada, samahani sana. Ile ndege ninayoirusha siku zote, ukishaweka kimo unachotaka, inajiandaa yenyewe kusimama pale. Hii inataka ubonyeze kitufe kingine ndipo ijiandae. Sikukibonyeza." Nilimheshimu kwa kusema kweli, na ninamheshimu mpaka leo. Waliomtuma ndio niliokasirika nao, kwa kuwa walijua ndege ile ni ngeni kwake, wakamtuma na watu nyuma.

Tofauti aliyoieleza ni ya kweli na ni ya kawaida. Katika mifumo mingi ya zamani, kuweka kimo kwenye kidirisha ni kuweka kengele tu. Otopailoti haikamati kimo hicho mpaka uiamuru. Katika mifumo mipya kama Garmin G1000, iliyomo katika Caravan nyingi za miaka ya karibuni, inajiandaa yenyewe. Ona basi mtego ulivyo: rubani anayetoka kwenye Caravan mpya kwenda King Air ya zamani anahama kutoka ndege ndogo inayomsaidia zaidi kwenda kubwa inayomsaidia kidogo. Mteja anaona amepanda daraja. Na kuna mifumo ambayo, ikiwa tayari imeanza kukamata kimo, ukigusa gurudumu la kasi ya kupanda inaachilia, na ndege inaendelea na safari yake.

Kule Ufaransa, Januari 1992, Airbus A320 ilikuwa ikishuka kwenda Strasbourg usiku. Wachunguzi waliona kwamba huenda marubani walikusudia kushuka kwa pembe ya nyuzi 3.3, lakini mfumo ulikuwa kwenye hali nyingine, ukaisoma kama futi 3,300 kwa dakika. Tarakimu zilikuwa zilezile, kitufe kilikuwa kilekile, na ndege ikagonga mlima. Walikufa watu 87 kati ya 96. Marubani wote wawili walikuwa na uzoefu wa miaka, lakini kila mmoja alikuwa na saa zisizofika 200 kwenye aina ile ya ndege.

Ndege mpya kabisa

Kuna wateja wanaoniambia, "Tafuta iliyo mpya." Nawaeleza habari ya Brazili.

Tarehe 29 Septemba 2006 jeti ya kampuni aina ya Embraer Legacy 600, imetoka kiwandani, ilikuwa ikipelekwa kwa mnunuzi wake Marekani. Marubani wawili wa Kimarekani walikuwa na saa nyingi angani, ila Legacy ilikuwa bado ngeni kwao. Waliruka futi 37,000. Mpango wa safari ulisema wakipita Brasília washuke 36,000, lakini waongoza ndege hawakuwaamuru kushuka na wao wakaendelea palepale. Karibu na Brasília transponda yao ikaacha kutuma. Transponda ndiyo inayoutangazia mnara na ndege nyingine kimo chako, na bila hiyo mfumo wa kuonya migongano nao unalala. Kwenye skrini paliandikwa maneno madogo ya kuonyesha hivyo, hapakulia kengele. Karibu saa nzima ikapita. Kutoka Manaus ikaja Boeing 737 yenye watu 154, futi 37,000 zilezile. Bawa likagusa bawa. Legacy ilifika kambi ya jeshi ya Cachimbo na watu wake 7 wakiwa hai. Wa Boeing hakupona hata mmoja.

Wachunguzi wa Brazili walitaja ugeni wa marubani kwa ndege ile na vyombo vyake, na maandalizi ya haraka haraka. Wa Marekani waliweka uzito zaidi kwenye uongozaji wa ndege. Mimi si wa kuamua baina yao. Ninachokiona ni kwamba upya wa ndege haukusaidia kitu, maana waliokuwa ndani hawakuijua vya kutosha hata kuona kimoja cha vyombo vyake kimezima.

Upande wa King Air

Nisije nikaonekana naipigia debe Caravan. Caravan haijazwi hewa ndani, kwa hiyo mara nyingi haiwezi kupanda juu ya mawingu; masika yakifika, inapita katikati ya yale ambayo King Air inayatazama kwa chini. Ina injini moja, na ukiwa juu ya maji au juu ya Tsavo jioni injini ya pili ni jambo kubwa. Wilson hadi Manda Caravan inachukua saa moja na nusu, King Air kama saa moja. Na mazoea peke yake hayamvushi mtu mlima: Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu wote 10 wakafariki.

Kwa hiyo King Air yenye marubani wawili wanaoirusha wiki baada ya wiki, ndiyo hiyohiyo, mimi naichagua mbele ya Caravan, hasa Aprili na Mei, hasa kama wazee wamo safarini. Pilatus PC-12 iko katikati: injini moja, imejazwa hewa, ina kasi. Maswali yake ni yaleyale.

Ninachouliza kwenye simu

Sheria ya kimataifa inataka rubani awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kwenye aina ya ndege, na apimwe mara mbili kwa mwaka. Kampuni yoyote yenye kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga itakujibu kwamba imetimiza. Swali langu linaanzia hapo: katika siku hizo 90 ameirusha hii yenyewe saa ngapi? Ile anayoirusha zaidi ina dashibodi kama hii? Nikisikia kigugumizi nanyamaza, namwacha aongee.

Pili, wanakuja wawili? Caravan na King Air B200 zote zimethibitishwa kurushwa na rubani mmoja, na mwenye ndege anayetaka kubana matumizi atakukumbusha. Mimi nalipia wa pili. Kazi yake kubwa kwa upande wa kimo ni rahisi mno kuieleza: mmoja anaweka kimo kipya, mwingine anakinyooshea kidole na kukisoma kwa sauti, zikibaki futi 1,000 mmoja anatamka, mwingine anaitikia. Kama ndege ni ngeni kwa mmoja wao, basi isiwe ngeni kwa wote wawili.

Tatu ni letu sisi abiria. Marekani tangu 1981 ina sheria kwamba chini ya futi 10,000 marubani wa mashirika hawazungumzi lolote lisilohusu kuruka, na kampuni nyingi za ndege ndogo duniani zinaifuata desturi hiyo. Ukitoka Manda, futi 10,000 ni mwendo mrefu. Ukitoka Wilson, ambako ardhi yenyewe iko kama futi 5,500, zimebaki 4,500 tu, zinaisha upesi. Mwambieni bosi asimgonge rubani begani kumuuliza ule mlima ni upi.

Na mwambieni asimharakishe. Machi 2001 jeti ya kukodi aina ya Gulfstream III ilikuwa ikienda Aspen, Colorado, imechelewa kuondoka, giza linaingia na uwanja una saa ya kufungwa kwa ndege za aina hiyo. Mteja alishikilia kwamba lazima watue. Marubani walishuka chini ya kimo cha mwisho kinachoruhusiwa kabla ya kuona njia, wakagonga ardhi, wakafa wote 18. Wachunguzi walilitaja shinikizo la mteja katika sababu. Nikisoma sababu ile sijioni niko mbali nayo. Ni sisi tunaopiga simu kuuliza, "Kapteni, bado tu?"

Karatasi mbili

Nimewapigia wote wawili leo asubuhi. Wa King Air alikuwa muungwana, akaniambia ukweli: kapteni wake wa kawaida yuko likizo, atakayekuja anarusha King Air nyingine yenye skrini za aina tofauti, na hii ameshaifanyia miruko yake mitatu. Msaidizi ni mgeni pia. Nikamuuliza kama tunaweza kungoja wiki ijayo kapteni arudi. Akasema wiki ijayo ndege imeshakodishwa kwenda Zanzibar.

Wa Caravan alinitajia kapteni ambaye ndege ile anaishika siku tano kwa wiki, na msaidizi aliyeruka naye tangu Ramadhani. Utabiri wa Jumanne ni mawingu mepesi.

Nimempigia bosi. Nimemwambia wakurugenzi wawe Wilson saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya saa moja, na mkutano wa Shela uanze saa tatu kamili. Ameguna kidogo, kisha akauliza kama Caravan ina kahawa. Nimemwambia haina, nitaweka chupa mbili za kahawa ya tangawizi.